Biatu mu Kiloba, Kimya mu Kanisa

Amani iwe kwenu. Mukae, mukae tu, miye njo nimesimama. Mbele niseme neno, ninaomba papa mwenye kushika programme anivumilie kidogo. Alinipatia dakika kumi, na aliniambia, "Maman, utuletee ushuhuda ya furaha." Aka! Ushuhuda niko nayo. Mungu alinitoa mbali, ile siwezi kukana. Lakini furaha, hapana. Niko na kasirani, na sitaificha juu tuko mu nyumba ya Mungu. Mungu mwenyewe anaijua.

Asubui hii muhubiri mumoja alisimama hapa, mbele ya bantu ya makanisa yote yenye tumekutana. Alisema sisi bamoniteurs na bamonitrices ya ekodim, benye kufundisha batoto siku ya Mungu, tunakosa uvumilivu. Alisema batoto banasumbua juu mwalimu yao haombi bya kutosha. Kisha alikunywa soda, akasalimia bantu mikono, akaenda. Kiti yake ni ile pale, muiangalie. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: ile mwaka yenye niliumiza mutoto ya bantu, nilikuwa naomba kila asubui, kwa magoti.

Bon. Nianze fasi yenye ilianzia.

Miye ni mushonaji. Siku sita mu posho, mu juma moya, niko na mashini yangu ku barza ya duka moya kule Kamalondo, ninashona robe ya bamama, ninakata suruali, ninasikia masengenyo ya mutaa. Lakini nyumba yangu iko Kasungami, na kanisa yangu iko Kasungami. Siku moya, mu matangazo, président wa komite ya kanisa alisema, "Tunatafuta muntu mwenye kupenda batoto." Bantu bote bakageuka, bakaniangalia miye. Juu ya nini miye? Juu niko na batoto tano, na hakuna hata mumoja alikuwa analia mu ibada. Njo ilikuwa diplome yangu. Nilisimama, bakapiga mikono, na ile makofi njo ilikuwa masomo yote yenye kanisa ilinifundisha.

Balinipatia fasi nyuma ya kanisa. Ni chantier, nyumba yenye haijaisha kujengwa: ukuta inafika ku kifua, mulango hakuna, mabati inafunika upande moya, upande mwingine ni jua na mvua. Batoto banakaa ku matofali. Balinipatia kitabu moya ya masomo, yenye ilikosa kurasa ya mwanzo, na chaki. Na batoto. Siku ya mvua, makumi ine. Siku ya jua, sabini. Kuko mwenye miaka tatu mwenye anamulilia mama yake, kuko mwenye miaka kumi na tatu mwenye anaandikia basichana barua. Na mwalimu? Miye. Peke yangu. Hata mbuzi sabini, mwenyewe angetafuta bachungaji babili!

Munacheka. Mucheke. Ile wakati miye sikukuwa nacheka.

Unashika huyu, yule iko napanda ukuta. Unashusha yule, babili banapigana na matofali. Unaachanisha bale, mudogo moya amekojoa, mwenzake anamuchungulia na kuita bengine baje kuona. Na kati ya ile yote unasema, "Batoto, tufunge macho, tuombe." Macho ya nani itafunga? Yangu? Nikifunga macho miye, nikiifungua nitakuta chantier iko wazi!

Kisha muntu wa protocole anakuja, bale benye kuvaa kitambaa ku bega, kupokea bageni ku mulango. Anasimama ku ukuta, haingii, anasema, "Maman, pasta anasema batoto banyamaze." Siku ya Mungu yenye inafwata, tena, "Maman, pasta anasema batoto banyamaze." Miaka mbili. Hakuna hata siku moya alikuja kuniambia, "Maman, pasta anauliza kama uko na kiu." Hakuna hata siku moya aliruka ile ukuta akae na miye.

Njo pale nilitafuta akili, na nikaipata. Munisikilize vizuri, juu ni akili yenye inapendeza.

Munajua vile bantu yetu banafanya siku ya Mungu. Nguo inaweza kuwa nzee, lakini biatu inapakwa mafuta mpaka inawaka. Mutoto hatoki bila biatu. Na inje ya ile chantier ni bipande ya matofali, mabati ya kukatika, mbao yenye misumari. Nikasema mu roho, mutoto bila biatu atakimbilia wapi? Nikaleta kiloba, ile mufuko mukubwa ya bunga. Kila mutoto akifika anavua biatu, inaingia mu kiloba, na kiloba inakaa chini ya muguu yangu. Somo ikiisha, mwenye alinyamaza njo wa kwanza kupata biatu yake. Mwenye makelele anangoja, anangoja, mpaka benzake bote baende, na yeye iko palepale ku tofali.

Kimya, ndugu zangu! Kimya yenye ungesikia nzi. Kwaya iko naimba, muhubiri iko nahubiri, na nyuma batoto sabini sawa haiko. Ibada ikaisha, président alikuja mbele ya bantu, akanishika mikono mbili, akasema, "Maman, sasa tunasikia Neno." Kanisa ingine ilituma bamonitrices yao baje kujifunza kwangu. Ninaona bamoja hapa mumeinamisha kichwa. Eeh, miye njo niliwafundisha. Mutanisamehe.

Hakuna muntu aliuliza ile kimya ilitoka wapi. Hakuna! Balitaka kimya, balipata kimya. Kama ningebafunga batoto kamba ku midomo, bangenishika mikono vile vile.

Sasa ile mutoto. Jina yake sitaitaja, ni haki yake. Mutoto mwanamuke, miaka kumi. Kanisa yetu iko na ibada mbili: ya kwanza ni asubui sana, mu Kifaransa, ya pili ni mu Kiswahili, jua ikiisha kupanda. Ekodim iko mu zote mbili, kila kundi na saa yake, na zote mbili mwalimu ni miye. Yeye alikuwa anakuja ku ya kwanza. Mutoto wa akili! Mistari yote anaijua, nyimbo yote anaijua. Lakini somo ikianza kukaribia mwisho, anageuka muntu mwingine. Anasimama, anakaa. Anaangalia njia. Anasukuma mwenzake. "Maman, tumalize?" "Maman, niende?" "Maman, nipatie biatu yangu." Nikimuambia akae, analia na kupiga tofali na kisigino.

Nilimuuliza mara moya, "Uko na nini weye?" Alisema, "Hakuna." Bon, hakuna. Nikamuandika mu kichwa yangu: huyu ni kichwa nguvu. Kila siku ya Mungu nikamupatia biatu yake yeye wa mwisho, nimukomeshe. Na kila siku ya Mungu alizidi. Sikuenda kwao kuuliza. Niende kwa nani, niache nani? Nilikuwa na sabini. Ninasema vile, lakini siyo kujitetea. Ni bongo kidogo, uongo ya muvivu, na ninaijua.

Siku ikafika. Ilikuwa sikukuu ya batoto mu kanisa, ile yenye badogo banasimama mbele ya bakubwa ku ibada ya pili na kusema mistari. Ku ibada ya kwanza nilikuwa na kundi ya asubui, sabini na moya, nilibahesabu. Sijafika hata ku mwisho wa somo, ile mutoto akasimama, akakuja moya kwa moya ku kiloba, akaingiza mukono. Nikasema, "Acha." Akavuta. Nikasema, "Acha, nasema!" Akavuta, kiloba ikaanguka, biatu ikamwangika yote, na batoto sabini bakacheka. Bakanicheka miye.

Nilikuwa na mita yangu ya mbao, ile ya kupimia bitambaa. Nilikuwa naitumia kuonyesha mapicha ku ukuta. Nilimupiga nayo. Sitasema eti mita ilimugusa. Nilimupiga miye, na roho yangu yote, mara mbili ku mukono, ya tatu ikamupata ku shavu.

Hakulia. Aliniangalia. Kisha akaruka ukuta bila biatu, akakimbia.

Nilisikia tu sauti yake. Nilipofika, alikuwa amekaa chini, na mbao ilikuwa imeshika ku muguu, musumari imeingia chini na imetokea juu. Batoto bote bakaanza kulia pamoja. Na njo pale muntu wa protocole alifika, anakimbia, kitambaa ku bega. Munajua alisema nini? Munajua? Alisema, "Maman, makelele!"

Yo! Mungu anisamehe, mpaka leo nikimuona ile papa ninageuka upande.

Balimubeba ku pikipiki mpaka ku hospitali. Muguu ikavimba, ikafika ku goti, homa ikapanda. Daktari alimuambia mama yake kama homa haishuki, batakata muguu. Posho mbili mutoto alilala pale na bantu habajue kama atarudia na miguu mbili ao moya. Mungu alisaidia, homa ikashuka. Lakini alitembelea fimbo miezi mingi.

Siku ya Mungu yenye ilifwata, sekretere akasoma matangazo. Akasoma ndoa moya. Akasoma jina yangu. Akasoma kwamba funguo imeonekana ku lupango, mu kiwanja ya kanisa, mwenyewe aje kuichukua. Vile tu. Kati ya ndoa na funguo, miye: niko chini ya nidhamu, ninakaa ku banc ya nyuma, sikaribie meza ya Bwana, sifungue kinywa mu mukutano.

Nilistahili. Sitaki muntu atoke hapa na kusema ile mama alikuwa anajitetea. Nilipiga mutoto ya bantu, nilistahili. Lakini jina ilisomwa moya! Bale benye balinipatia batoto sabini na chaki, jina yao ilisomwa wapi? Ile mwenye alinishika mikono mbili juu ya kimya, alikaa banc gani? Alikaa mbele, na kravati yake!

Nikaacha kanisa. Siku ya Mungu nikaanza kwenda Kamalondo kushona, mulango ya duka imefungwa, miye peke yangu ku barza. Nikaanza kuchukia batoto. Mama mumoja, kiliente ya miaka, alikuja na mutoto mu mugongo, mutoto analia. Nikamuambia, "Toa ile kintu hapa." Ile kintu, nilisema! Aliokota kitambaa yake na hakurudilia tena. Ku nyumba, batoto yangu bakawa banaongea polepole nikiingia. Nilipenda vile. Nilikuwa nimepata kimya ku nyumba pia.

Na sasa ninasema yenye inanichoma kupita yote. Nyumba ya ile mutoto iko ku njia yangu, njia ya kwenda kazini. Nikatafuta njia ingine, kati ya mashamba ya mahindi, bulongo ya matope mpaka ku vifundo ya miguu. Miezi ine. Miezi ine sikupita mbele ya ile mulango, sikuuliza mutoto ameamukaje. Mita ile nilimupiga na kasirani, na kasirani inaisha. Lakini ile njia ya mahindi niliichagua kila asubui, na akili yangu yote.

Mwenye alinirudisha ni mama mumoja, maîtresse wa zamani. Alifundisha ya kwanza primaire mpaka nywele ikawa nyeupe, na sasa anapumuzika. Alikuja ku barza yangu nimupunguzie robe. Niko namupima mabega, bapini mu kinywa, akasema hivi hivi, "Weye njo ulipiga ile mutoto."

Nikaitika na kichwa.

"Unajua alikuwa anatafuta nini mu kiloba?"

Nikatoa bapini. "Biatu yake."

"Biatu ya nani?"

"Yake, maman. Ya nani tena?"

Akaniangalia mu kioo. Akasema, "Mu ile nyumba biatu ya siku ya Mungu ni pair moya. Yeye anaivaa ibada ya kwanza, anakimbia mpaka ku nyumba, anavua, ndugu yake mudogo anaivaa ibada ya pili. Kila siku ya Mungu ulikuwa unamufunga pale ku tofali, na mudogo iko ku mulango, amesukwa nywele, anangoja. Ile siku ya sikukuu mudogo njo alikuwa wa kusema mustari mbele ya kanisa. Alingoja mpaka alisikia bantu banarudia."

Nikamuuliza, "Maman, nani alikuambia?"

Akasema, "Nilienda ku hospitali. Nilikaa. Nilimuuliza."

Nilimuuliza. Ndugu zangu, ile neno ilinipiga kupita nidhamu ya komite. Miaka mbili ile mutoto alikuwa chini ya macho yangu, na maîtresse alienda mara moya, akakaa, akauliza.

Ile siku sikumaliza robe. Nilifunga mashini na nikarudia na njia ya kweli.

Mama ya mutoto alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mu lupango yake. Aliniona, hakusema karibu. Aliendelea kutwanga. Kisha akasema, "Miezi ine, maman. Njia ilikupotea?"

Mutoto alikuwa amekaa ku mulango, fimbo pembeni. Nikapiga magoti mbele yake yeye, siyo mbele ya mama yake, juu yeye njo nilikosea. Nikasema, "Nilikupiga. Nilikosa. Nilikufunga bila kukuuliza, na ulikuwa na haki ya kwenda. Unisamehe." Nilikuwa nalia.

Akaniangalia, akasema polepole, "Niliogopa kusema, maman. Bangenicheka."

Mama yake akasimamisha mutwangio. Akaniuliza, "Ile siku ulikuwa na batoto ngapi?"

"Sabini na moya."

"Na bamonitrices ngapi?"

"Peke yangu."

"Peke yako namna gani?"

"Peke yangu, maman. Miaka mbili, peke yangu."

Akatupa mutwangio chini, kuku ikaruka. "Weye! Miye nilijua muko bane, batano! Donc nilikuwa naacha mutoto yangu pale sawa kiloba ya makala ku depo, na ninaingia kuimba!" Akazunguka lupango, mikono ku kiuno. Nilijua atanifukuza. Akasema, "Leo sikusamehe. Usiningojee nikusamehe. Lakini tutaenda pamoja kwa komite."

Tulienda. Président alitupokea vizuri, alitupatia biti tukae. Akasema, "Maman, tumeisha kukusamehe. Toka uondoke, muntu wa protocole njo anabachunga kidogo. Unaweza kurudilia batoto, lakini hapana kupiga." Nikasema, "Sirudilie peke yangu." Akakunja uso. Akasema, "Maman, ekodim ni kazi ya kujitolea. Nani alikulazimisha?"

Mbele nifungue kinywa, mama ya mutoto akamujibu. "Na weye, papa, nani alikulazimisha kupokea batoto yetu?"

Akakohoa. Akasema mukutano ya mwaka ikifika, tutaona. Tutaona! Ninyi bakubwa ya makanisa, hii neno mulisomea wapi?

Siku ya Mungu yenye ilifwata tukafika asubui, bantu hata mumoja hajafika, miye, mama ya mutoto na maîtresse, tukasimama ku mulango ya lupango. Kila muzazi akifika tunamuambia, "Leo ekodim haiko. Ingia na mutoto yako." Hatukusema zaidi. Muzazi anashangaa, anaingia. Bote bakaingia, badogo na bakubwa.

Ah, ndugu zangu! Kwaya ilianza kuimba, badogo bakapanda mbele kucheza. Muhubiri akafungua kinywa, mumoja akaanza kulia, na bengine tano bakamusaidia. Mutoto moya akatambaa mpaka chini ya meza ya Bwana na kukatala kutoka. Mwingine akauliza na sauti ya nguvu, "Papa pasta anamaliza saa ngapi?" Na protocole! Protocole ilikuwa inakimbia huku na kule sawa muntu mwenye kufukuza kuku mu bunga. Président akasimama mara mbili, akakaa mara mbili.

Mwisho pasta akafunga karatasi yake. Akapangusa uso. Akasema, "Bapendwa, kwani hapa nani anashugulikia batoto?"

Mama ya mutoto akasimama kati ya bantu. Akasema, "Pasta, njo maulizo ile. Inangojea jibu toka miaka mbili."

Na akaelezea yote. Chantier, chaki, sabini na moya, kiloba, musumari. Hakumupigia muntu makelele, alisema tu, moya moya. Mutoto yake alisimama pembeni yake na fimbo. Miye nilikuwa ku banc ya nyuma, nidhamu yangu haijafutwa mu matangazo, nimekatazwa kufungua kinywa. Nikasimama, nikafungua. Nikasema, "Miye njo nilipiga. Na ninyi njo mulinipongeza."

Pasta, nimushukuru, hakumalizia mahubiri. Aliuliza nani atakaa na batoto. Mukono hakuna. Akauliza tena. Mama ya mutoto, yule yule mwenye mutoto yake aliumizwa, akanyanyua wa kwanza. Kisha papa mumoja muashi. Kisha bengine. Président alinyanyua juu bibi yake alimufinya, niliona na macho yangu. Zamu yake ya kwanza tulimupatia badogo. Alitoka na kravati ku sikio na bulongo ku suruali, akaniuliza, "Maman, ni kila siku ya Mungu vile?" Nikamujibu, "Ni kila siku ya Mungu vile, papa." Sitadanganya, ile siku nilirudia ku nyumba naimba.

Sasa tuko na makundi ine, na kila kundi bakubwa babili, bila kukosa. Maîtresse anakuja kukaa nyuma yetu, hasemi kintu, kisha anatuambia. Aliniambia miye, "Unasema nyamazeni, nyamazeni, mpaka ile neno imekuwa sawa upepo." Alinifundisha kusimama ku mulango na kumuita kila mutoto na jina mbele ya somo, nimuangalie uso, nijue nani hakulala, nani hakukula, nani iko na haraka na haraka gani. Kiloba nilirudisha ku bunga.

Na hapana kuwaza nimekuwa malaika. Siku moya ya majuzi nilimupigia mutoto moya makelele mpaka mate ilitoka. Mama mwenye tulikuwa naye zamu akanigusa bega, akasema, "Toka inje, kunywa maji, miye niko." Nilitoka. Nilikunywa maji. Nilirudilia nimepoa. Ndugu zangu, ile njo musaada. Muntu mwenye anaweza kusema, "Miye niko." Kama ningekuwa naye ile siku, ile mutoto angefika ku nyumba na muguu muzima.

Ninamushukuru Mungu mwenye hakuniacha mu mahindi. Ninamushukuru maîtresse, iko pale, atakasirika juu nimemuonyesha. Ninashukuru bazazi ya Kasungami benye banashika zamu. Na ninamushukuru mama ya mutoto. Mpaka leo hajaniambia amenisamehe, na sijamuuliza. Tunakaa ku tofali moya, anasogea kidogo anipatie fasi.

Karibu namaliza, papa wa programme, uache kuangalia saa.

Ile mutoto sasa iko na miaka kumi na sita. Muguu yake inamuuma baridi ikikuja, lakini anatembea. Mwaka hii alienda kukaa kwa shangazi yake, kwa ajili ya masomo, na anasali kule, mu kanisa moya ya ninyi benye muko hapa. Balisikia kama anapenda batoto. Balimusimamisha mu matangazo, bantu bakapiga mikono.

Juzi alinipigia telefone. Alisema, "Maman, balinipatia makumi tano. Niko peke yangu. Habanyamazi. Nifanye nini?"

Miaka kumi na sita! Ninyi bantu!

Sikumupatia akili yoyote. Akili yangu munaijua. Nilimuambia, "Ngoja. Siku ya posho, jumamosi, niko na mukutano nao."

Bon. Leo ni siku ya posho, na kesho asubui atasimama mbele ya bale makumi tano. Hapana kuniambia mutamuombea. Bantu ya ile kanisa, muko ku banc ya tatu na ya ine, ninawaona. Nataka babili. Nani atakaa naye kesho? Munyanyue mikono. Sirudilie ku kiti yangu kama sijaiona.